Wanaolinda Mlima Bila Mshahara: Historia ya Msitu wa Uluguru na Deni Letu Sisi wa Mafiga



Mtu aliyekulia Mafiga hahitaji kufundishwa kuutazama mlima. Asubuhi ukifungua mlango, macho yanakwenda yenyewe juu Bondwa, kwenye minara ya mawasiliano, kuangalia kama wingu limekaa au limeondoka. Mama zetu walianika mpunga na kufua nguo kwa kulitazama wingu hilo. Mji wetu tunauita kwa kujisifu "mji kasoro bahari", na sifa hiyo yote, baridi ya asubuhi, mboga za bei nafuu, maembe na mito inayopita katikati ya mji, imeshuka kutoka juu.

Katika kijarida cha mwaka huu tumeombwa tueleze kwa nini chama cha maendeleo cha watu wa mjini kichangie watu wanaolinda msitu mlimani. Swali ni la haki. Tuna madawati ya kununua, tuna mitaro ya kuzibua, tuna wagonjwa. Jibu langu ni la kihistoria: mlima huu umewahi kulindwa kwa imani, kwa amri na kwa sheria, na kila mara kilichoamua matokeo ni kama watu wanaoishi pale waliuona ulinzi huo kuwa ni wao. Leo ulinzi huo umebebwa na wajumbe wa kamati za vijiji ambao hawana mshahara. Maji wanayoyalinda tunayanywa sisi.

Maji yanapita wapi

Tuanzie nyumbani. Maji ya bwawa la Mindu husafishwa hapa hapa Mafiga kabla ya kusambazwa mjini. Bwawa hilo, lililokamilika miaka ya 1980, linajazwa na mto Ngerengere pamoja na vijito vinavyoshuka upande wa magharibi wa Uluguru, kama Mzinga na Mlali. Mto Morogoro wenyewe unashuka moja kwa moja kutoka chini ya Bondwa. Upande wa pili wa mlima, mashariki na kusini, vijito vinakusanyika kuwa mto Ruvu, ambao ndio tegemeo kubwa la maji ya Dar es Salaam. Wale wenzetu mlioko Dar mnakumbuka mgao wa maji wa mwaka 2022, Ruvu ilipopungua. Mlihama Morogoro, lakini bado mnakunywa maji ya Uluguru.

Msitu wa juu hufanya kazi mbili. Mvua ikinyesha, majani, mizizi na udongo mlaini huyapokea maji na kuyaachia polepole, ndiyo maana mto hauishi kiangazi. Ukungu nao hugusa miti ya kileleni na kudondoka kama mvua ndogo hata siku ambayo mjini hakuna tone. Msitu ukiondoka, maji yanakuja yote kwa siku moja na tope lake, kisha hayaji tena. Tope hilo ndilo linaloingia Mindu na kupunguza nafasi ya maji bwawani.

Hasira ya maji ya mlima ilijulikana zamani. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alipita Simbamwene, mji wenye ukuta ulioanzishwa na Kisabengo na ambao ndio chimbuko la Morogoro ya leo. Aliusifu ukuta wake. Aliporudi mwaka 1872 alikuta mafuriko ya Ngerengere yamebomoa sehemu ya ukuta huo na kuchukua nyumba za watu.

Ulinzi wa kwanza: ukoo na matambiko

Kabla ya bwana misitu yeyote, ardhi ya Uluguru ilikuwa ya koo. Mluguru hufuata upande wa mama, na mwenye kauli juu ya shamba alikuwa mjomba. Mkuu wa ukoo aligawa mashamba, lakini hakuwa na ruhusa ya kuigawa ardhi yote. Vipande vya msitu vyenye makaburi ya wakubwa na mahali pa matambiko havikukatwa. Huko Kolero kulikuwa na pango la Kolelo, na watu walitoka mbali hadi Uzaramo kwenda kuomba mvua. Njia za kwanza za miguu zinazokumbukwa katika milima hii zilikuwa za kwenda shambani, za kwenda sokoni, na za kwenda kuomba maji.

Tusiipake rangi enzi hiyo. Watu walikuwa wachache na msitu ulikuwa mkubwa. Hata hivyo kuna funzo: mlinzi wa msitu alikuwa jirani, na aliyeuharibu alijibu mbele ya ndugu zake.

Ulinzi wa pili: amri

Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Morogoro mwaka 1907. Miaka miwili baadaye, mwaka 1909, Wajerumani walitangaza misitu ya juu ya Uluguru kuwa hifadhi. Katika enzi yao ndipo ilipojengwa pia nyumba ya Morningside, ile ambayo wengi wetu tuliipanda tukiwa shule na vipande vya miwa mfukoni. Mpaka ulipigwa, na kilichokuwa juu ya mpaka kikawa cha serikali. Waingereza waliurithi mpaka huo na kuendelea nao.

Kisha ukaja mpango ambao wazee wetu waliutaja kwa uchungu hadi walipozeeka. Mwaka 1950 serikali ya Mwingereza ilianzisha Mpango wa Matumizi ya Ardhi ya Uluguru. Kusudi lake ukiliandika kwenye karatasi ni zuri: kuzuia mmomonyoko ili mito isichafuke. Njia yake ilikuwa kulazimisha. Watu waliamriwa kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko yao, kazi ya siku kadhaa kila wiki, bila malipo, na asiyefika alishtakiwa.

Upande wa Mgeta, ambako kuna baridi na watu walikuwa wamezoea kilimo cha mboga za kuuza, matuta yalishika, na mengine yanalimwa mpaka leo. Upande wa Matombo mambo yalikuwa tofauti. Udongo wa juu wenye rutuba ni mwembamba. Ukichimba tuta unaufukia na kuuweka juu ule mwekundu usio na kitu. Watu walitoa jasho na mahindi yakatoka duni. Wakaanza kuuliza kama serikali inatengeneza mashamba hayo ili baadaye iwanyang'anye. Machifu waliotakiwa kusimamia amri walijikuta katikati, wakionekana kuwa ni watu wa serikali na si wa koo zao.

Julai 1955 watu walikusanyika Matombo wakipinga. Polisi walifyatua risasi na mtu akauawa. Mpango ukavunjika. TANU, iliyokuwa imezaliwa mwaka mmoja tu kabla, ilipata wafuasi wengi katika milima hii kutokana na matuta hayo.

Nimesimulia habari hii kwa urefu kwa sababu moja. Wapo wanaosema watu wa mlimani hawapendi mazingira. Historia inasema walikataa kubebeshwa kazi ambayo faida yake ilikwenda kwingine na hasara yake ikabaki shambani kwao. Mtu wa mjini anayetaka maji safi na hataki kushiriki gharama yake yuko karibu sana na yule bwana shamba wa mwaka 1950.

Miaka ya kati

Baada ya Uhuru mpaka wa hifadhi ulibaki palepale, lakini walinzi walikuwa wachache na mlima ni mkubwa. Uchifu ulifutwa kisheria, na ile sauti ya mjomba juu ya msitu wa ukoo ikapungua nguvu. Watu waliongezeka. Makadirio ya wataalamu yanaonyesha kuwa msitu wa asili wa Uluguru ulikuwa na takriban kilometa za mraba 300 mwaka 1955, na kufikia mwaka 2000 hivi ulibaki kama 230. Sehemu kubwa iliyopotea ilikuwa ya miteremko ya chini, nje ya hifadhi, karibu na mashamba.

Pengo la Bunduki, mahali ambapo msitu wa kaskazini ungekutana na ule wa kusini, lilikuwa mashamba. Kwa ndege na wanyama wadogo wasiovuka eneo la wazi, mlima mmoja ulikuwa umekatwa kuwa visiwa viwili. Hili si jambo dogo. Uluguru ina mimea zaidi ya 100 isiyoota mahali pengine popote duniani, na yuko ndege mmoja wa jamii ya mbwigu, mweusi kichwani na wa manjano kifuani, anayepatikana katika milima ya Uluguru tu, juu ya vichwa vyetu. Akitoweka hapa ametoweka duniani.

Ulinzi wa tatu: sheria inayomtaja mwanakijiji

Mabadiliko yalianza na Sera ya Taifa ya Misitu ya mwaka 1998, iliyokubali kwamba serikali peke yake haiwezi. Mwaka 1999 ikaja Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5. Humo mna kifungu ambacho kila Mtanzania angefaa kukijua, kifungu cha 8. Kinasema halmashauri ya kijiji itasimamia ardhi ya kijiji kama mdhamini anayetunza mali kwa niaba ya wanufaika, na wanufaika hao ni wanakijiji na wakazi wengine wa kijiji. Maana yake ardhi si ya mwenyekiti, wala si ya mwenye fedha. Ni amana.

Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ikaongeza hatua ya pili. Kijiji kinaweza kutenga msitu katika ardhi yake na kuutangaza kuwa hifadhi ya kijiji, chenyewe kikiwa msimamizi. Na pale msitu ulipo wa serikali, vijiji vinavyopakana nao vinaweza kuingia mkataba wa kuusimamia kwa pamoja. Kwa njia zote mbili, watendaji ni wale wale: kamati ya maliasili ya kijiji, wanaume kwa wanawake, wanaochaguliwa na kuwajibika kwa wanakijiji wenzao. Kitaifa kamati za namna hii ziliunda mtandao wao, MJUMITA, ili sauti ya mwanakijiji mlinzi wa msitu isikike mbele ya serikali.

Mwaka 2008 hifadhi za Uluguru Kaskazini, Uluguru Kusini na Bunduki ziliunganishwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru, yenye hekta zipatazo 24,000. Leo inasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Vijiji zaidi ya 50 vinaizunguka. Hesabu ni rahisi: maofisa wa serikali hawawezi kuwa kila kona ya mpaka kama huo. Walioko kila kona ni wanakijiji.

Kazi yenyewe

Watu wengi wakisikia "mjumbe wa kamati" wanafikiria kikao, soda na posho. Kamati ya maliasili ya kijiji ni kazi ya miguu. Kuna doria, ambayo ni kuamka alfajiri na kupanda hadi mpakani, mvua au jua. Kuna kufyeka mpaka ili asiwepo wa kusema hakuuona. Kiangazi kuna kusafisha njia za kuzuia moto, na moto ukitoka kwenye shamba la mtu na kuelekea msituni, kuna kukimbia na matawi mabichi kwenda kuuzima. Sisi mjini tunaona mstari mwekundu usiku mlimani na kusema, "Mlima unawaka." Ni nadra kujiuliza ni nani yuko pembeni mwa ule mstari.

Kuna pia vijia. Ile njia ya kutoka mjini kwenda Morningside na kuendelea hadi Bondwa, na ile ya Lupanga, na ile ya akina mama wa Choma wanaoshuka na ndizi na mboga kuleta Soko Kuu la Chifu Kingalu, hazijitunzi. Mvua moja ya masika inatosha kugeuza kijia kuwa mfereji, na mfereji unakula shamba la chini yake. Kijia kikitunzwa vizuri, maji yakakingwa kwa mawe na majani pembeni, kinasaidia watu wengi kwa wakati mmoja: mama mwenye tenga, mwanafunzi anayekwenda shule, mgonjwa anayeshushwa kwa machela, mgeni anayelipa kuongozwa mlimani, na mjumbe wa doria. Na njia inayopitwa na watu wema kila siku ni njia ambayo mpasua mbao anaiogopa.

Lakini sehemu ngumu zaidi ya kazi hii haina uhusiano na miguu. Mjumbe wa kamati anaishi na watu anaowazuia. Fikiria kijana wa Kiluguru aliyepewa shamba na mjomba wake, kisha akiwa doria anamkuta mjomba huyo huyo amefyeka ndani ya mpaka. Kwa desturi, mjomba ndiye mwenye ardhi na mwenye heshima. Kwa sheria ndogo ya kijiji, anatakiwa alipe faini. Kijana huyo hana sare, hana mshahara, na jioni lazima arudi kula katika ukoo ule ule. Ofisa wa serikali akichukiwa anaweza kuomba uhamisho. Mjumbe wa kijiji hawezi kuhamishwa kutoka kwa mjomba wake.

Tusiseme kila kamati ni safi. Kama ilivyo kwa kamati zetu za mtaa, zipo zilizolala, na wapo wajumbe waliofumba macho kwa bei ya mbao mbili. Dawa yake ni ile ile tunayoijua: mkutano mkuu unaohudhuriwa, mapato na faini kusomwa hadharani, na uchaguzi wa kweli. Kumwacha mtu afanye kazi miaka mingi bila hata buti si njia ya kumfanya awe mwaminifu.

Kujitolea si kufanya bure

Hapa ndipo neno "kujitolea" linapohitaji kupimwa. Mwaka 1955 wazee walikataa kazi ya bure ya kulazimishwa. Leo wajukuu wao wanafanya kazi ya bure kwa hiari. Tofauti ya hiari ni kubwa, ndiyo inayofanya ulinzi wa leo uwe na heshima. Lakini tumbo halijui tofauti hiyo. Siku ya doria ni siku ya kibarua iliyopotea.

Kifungu cha 8 kinawataja wanufaika wa ardhi ya kijiji kuwa wakazi wa kijiji. Wanywaji wa maji hawatajwi. Mwenye bomba Mafiga hayumo katika daftari la kijiji, hahudhurii mkutano wao, na akilipa ankara yake analipia bomba na dawa ya kusafishia. Ananufaika na amana ambayo hajawahi kuichangia.

Jambo hili liliwahi kujaribiwa hapa hapa Uluguru. Kuanzia mwaka 2006, mashirika ya CARE na WWF yaliendesha huko Kibungo Juu mradi wa kuwalipa wakulima wa chanzo cha Ruvu. Mkulima aliyetengeneza matuta, kupanda miti na kuacha kulima kando ya mto alilipwa, na fedha zilichangiwa na watumiaji wakubwa wa maji wa Dar es Salaam, yaani shirika la maji la jiji na kampuni ya vinywaji. Angalieni kilichotokea: matuta, kazi ile ile iliyoleta risasi Matombo, yalichimbwa kwa hiari. Safari hii mkulima aliulizwa, alifundishwa palipofaa tuta na pasipofaa, na aliyekuwa chini ya mto alitoa chake. Mradi ulikuwa na muda wake, kama miradi yote. Wazo lake halijapitwa na muda.

Figa la tatu

Sisi ni watu wa Mafiga, na jina letu linatufundisha. Sisemi yale mafiga matatu ya wakati wa kampeni. Nasema mawe ya jikoni. Figa moja haliinjiki chungu, na hata mawili hayatoshi. Katika ulinzi wa Uluguru figa la kwanza lipo, nalo ni sheria na serikali. La pili lipo, nalo ni wanakijiji na kamati zao. La tatu, la wanaokunywa maji, bado halijawekwa, na chungu kinayumba.

Kwa hiyo sehemu ya michango ya mwaka huu imependekezwa ielekezwe kwa kamati za watu wanaotulindia vyanzo vya maji yetu. Mahitaji yao si ya kifahari: buti, makoti ya mvua, mapanga na majembe ya kutengenezea vijia, kisanduku cha huduma ya kwanza, chakula cha siku ya doria. Fedha zitapitia mikutano ya vijiji husika na hesabu zake zisomwe kwao na kwetu, kwenye mkutano mkuu wa chama.

Asiye na fedha ana nguvu. Chama kinaweza kupanga siku za msaragambo kabla ya masika, tukapanda pamoja na wenyeji kukinga maji vijiani, chini ya uongozi wao, maana mlima ni wao kwanza. Mzazi ampeleke mtoto Morningside, amlipe kiongozi wa njia wa pale pale, na amwonyeshe maji yanakoanzia. Na sote tuanze na jambo lisilogharimu: tuulize mkaa tunaonunua umetoka wapi.

Wazee wa Matombo walikataa kubeba mzigo wa wengine kwa kulazimishwa, na walikuwa na haki. Wajukuu wao wameukubali mzigo huo kwa hiari, kwa ajili yao na kwa ajili yetu. Mchango wetu usihesabiwe kuwa sadaka kwa watu wa mlimani. Ni ankara ya maji ambayo tumechelewa kuilipa.

Karibuni tuilipe pamoja.